Mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wanaoyarudia kila msimu: mwenye shamba anayesumbuliwa na madalali, mlimaji wa kukodi bondeni, mnunuzi wa kiwanja, na mlaji anayesimama gengeni akijiuliza mchicha ule umetoka wapi. Mfano wetu mkuu ni Dar es Salaam na wilaya zinazoizunguka za Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Kiambu, kaunti ya Kenya inayopakana na Nairobi, na Kampala zimetajwa pale zinapotufundisha kitu.

Msimamo wetu tunautanguliza ili msomaji aujue. Shamba la pembezoni mwa jiji watu hulihesabu kama kiwanja ambacho bado hakijajengwa. Sisi tunaona tayari liko kazini, na kazi zake nyingi hazina bei sokoni. Likishakatwa, gharama ya kazi hizo huhamia kwa mtu mwingine, mara nyingi anayekaa chini ya mteremko.

## Mambo ya msingi

1. Pembezoni mwa jiji ni wapi hasa?

Hakuna mstari uliochorwa, na mpaka unasogea haraka. Tabata, Kimara na Tegeta ni mitaa ambayo watu wazima wengi bado wanaikumbuka ikiwa mikorosho na minazi. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam; ya 2012 ikakuta 4,364,541; ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu wote hao walipata mahali pa kujenga au kupanga, na kwa sehemu kubwa mahali hapo palikuwa shamba la mtu.

Leo pembezoni utaikuta Chanika, Msongola, Kibamba, Mabwepande, Kimbiji na Pembamnazi, na ukivuka mpaka wa mkoa utaikuta Vikindu, Kisarawe, Mlandizi na Mapinga. Dalili ya haraka ni bei: pale watu wanapoacha kutaja ekari na kuanza kutaja mita za mraba, jiji limeshafika hata kama bado kuna mihogo kila upande. Tunahesabu pia mabonde ya ndani ya jiji, hasa Msimbazi, Kizinga na Mzinga. Kwenye ramani yako katikati, lakini yanalimwa, na misukosuko yake ni ileile.

2. Zaidi ya kutoa chakula, mashamba haya yana kazi gani?

Yanapokea mvua kabla haijawa mafuriko (swali la 4). Yanawapa riziki watu ambao mjini hawana ajira ya mshahara (swali la 5). Yanakula uchafu wa jiji, kwa maana ya mbolea ya kuku na mabaki ya sokoni (swali la 8). Ni akiba ya familia: mwembe au kipande cha ardhi huuzwa mtoto anapokwenda chuo au mzazi anapolazwa. Ni makaburi ya ukoo (swali la 19). Na ni ardhi ambayo serikali huikimbilia inapohitaji mahali pa kuweka shule, dampo, bomba au watu waliohamishwa kutoka kwingine. Waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walipelekwa Mabwepande, ambako wakati huo kulikuwa pembezoni kabisa.

Kazi hizi hufanywa na ekari ileile kwa wakati uleule. Ndiyo maana ni vigumu kulipia shamba thamani yake halisi: dalali hununua ardhi tu, na mengine yote yanapotea bila kuandikwa popote.

3. Je, ni kweli mashamba haya yanalisha jiji? Si chakula chote kinatoka mikoani?

Nafaka ndiyo, zinatoka mbali. Mahindi na mchele hushuka na malori kutoka Nyanda za Juu Kusini na Morogoro, viazi mviringo kutoka Njombe na Mbeya. Hivyo vinavumilia safari. Mboga za majani hazivumilii. Mchicha uliovunwa alfajiri, kufikia jioni ya jua la Dar umeshalala. Makadirio yanayonukuliwa tangu miaka ya 1990 yalisema karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizokuwa sokoni Dar zilitoka kwenye bustani na maeneo ya wazi ya jiji lenyewe. Jiji limebadilika tangu hapo, ila sababu iliyozaa hesabu ile haijabadilika: jani halisafiri.

Biashara yenyewe inafaa kuitazama kwa karibu. Mkulima wa bondeni mara nyingi hauzi fungu, anauza tuta. Mchuuzi anafika alfajiri na tochi ya simu, anapita kati ya matuta, anaangalia urefu wa shina na matundu kwenye majani, wanapatana bei ya tuta zima. Kisha mchuuzi mwenyewe ndiye anayeng'oa, anayesuuza mizizi na kufunga mafungu. Akiwa na bahati anapata guta au bodaboda, la sivyo anajitwika beseni. Saa moja asubuhi mchicha uko gengeni, bila ghala, bila barafu, bila lori. Mbegu ilikuwa imemwagwa wiki tatu au nne tu kabla. Mboga kwa bei anayoimudu mama mwenye watoto watano hupatikana kwa mnyororo mfupi namna hii, na ukilisogeza shamba kilomita 60 zaidi, nauli inaingia kwenye fungu.

Matembele, kisamvu, majani ya maboga, bamia, mayai, kuku wa nyama na maziwa hufuata mantiki hiyohiyo. Mihogo ya Mkuranga na Kigamboni na mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, yenyewe yanavumilia kidogo, lakini faida yao pia iko kwenye ukaribu.

4. Shamba linazuiaje mafuriko?

Tupige hesabu. Ekari moja, ile ya hatua 70 kwa 70, ni takribani mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake ni zaidi ya lita 200,000, yaani maboza 20 ya lita 10,000 yamemwagwa hapo. Kwenye shamba lenye miti, majani makavu na matuta yaliyokatiza mteremko, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini na kulisha visima. Ekari hiyohiyo ikijengwa nyumba saba zenye mabati, sakafu ya saruji uani na ukuta kila upande, karibu maji yote hutafuta pa kwenda kwa mpigo mmoja. Mtaro haupo, kwa hiyo hutumia barabara.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi, Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40. Tangu hapo, masika yanapokuwa makubwa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na katikati ya jiji hutenganishwa na magharibi yake. Watu hutazama Jangwani na kusema tatizo ni waliojenga bondeni. Ni kweli kwa sehemu. Lakini maji hayazaliwi Jangwani. Yanatoka juu, kwenye miteremko iliyokuwa mikorosho na mihogo na sasa ni paa kwa paa.

Tusiwasifu wakulima kuliko inavyostahili, hata hivyo. Mteremko unaolimwa kwa kufuata maji, bila makinga, unamomonyoka, na mchanga wake unakwenda kujaza mto huko chini. Shamba la namna hiyo nalo linachangia mafuriko. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, unashughulikia bonde la chini pamoja na mmomonyoko wa juu, na tunaona huo ndio mtazamo sahihi.

5. Nani hasa analima huko?

Kwanza ni wenyeji wenye mashamba ya urithi, wengi wao Wazaramo na Wandengereko, ambao ukoo ulikuwepo kabla ya jiji. Wapo wafanyakazi na wastaafu walionunua ekari chache. Kizazi kilichofanya kazi ofisini miaka ya 1970 na 1980 kilisikia wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, halafu kikaona mshahara hautoshi wiki mbili. Shamba la Kibamba au Mbagala ndilo lililovusha mwezi. Na kuna kundi la tatu, kubwa na lisiloonekana: wanaoazima au kukodi matuta bondeni, wengi wao vijana waliotoka mikoani, pamoja na wanawake ambao hawamiliki hata hatua moja ya ardhi wanayoimwagilia kila siku.

Kundi hili la tatu ndilo huumia kwanza shamba linapouzwa (swali la 12).

## Usalama wa mboga na afya

6. Mboga zinazomwagiliwa maji ya mto Msimbazi ni salama?

Si zote, na si kila mahali. Mto unapokea maji ya viwandani, ya karakana, na ya vyoo yanayofurika wakati wa mvua. Watafiti waliopima udongo na mboga za bondeni kwa nyakati tofauti wamekuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwa viwango vya kutia wasiwasi katika baadhi ya sehemu. Vijidudu vya kinyesi ni tatizo la pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100 za maji yanayomwagiliwa mboga za kuliwa mbichi, na mto unaopita katikati ya makazi bila mfumo wa maji taka ni vigumu kukaa chini ya hapo.

Matatizo haya mawili hayatibiki kwa dawa moja. Kupika kunaua vijidudu. Kupika hakuondoi risasi. Kuosha kwa maji mengi safi kunaondoa vumbi na udongo uliobeba sehemu ya madini, lakini yaliyoingia ndani ya jani yanabaki. Mboga za majani kwa kawaida hubeba madini zaidi kuliko matunda, hivyo kwenye udongo unaotiliwa shaka bamia ni afadhali kuliko mchicha. Letusi na giligilani za kuliwa mbichi zisitoke bondeni kabisa.

Mkulima naye ana la kufanya: achimbe kisima kifupi kando ya mto badala ya kuchota mtoni moja kwa moja, amwagilie chini ya shina badala ya kuinua keni juu ya majani, na asitishe maji ya mto siku chache kabla ya kuvuna. Lakini tuseme wazi kwamba kufyeka mchicha wa bondeni hakusafishi mto. Anayepaswa kubanwa kwanza ni anayemwaga.

7. Mashamba ya mjini hayaleti malaria?

Maji yaliyotuama ndiyo yanayoleta mbu, na baadhi ya kilimo hutuamisha maji. Dar es Salaam imejulikana kwa hili: mifereji kati ya matuta ya viazi vitamu na mboga kwenye maeneo chepechepe ni mazalia ya mbu wa malaria. Kiluwiluwi huhitaji wiki moja hadi mbili kuwa mbu. Mfereji unaokauka au kupitisha maji kabla ya hapo hauzai kitu. Kwa hiyo fungua ncha za mifereji, fukia visima visivyotumika, na usiache ndoo na matairi yakijaa mvua. Mtaro wa barabara ulioziba una hatia ileile, ingawa haulaumiwi sana.

8. Mbolea ya kuku na mabaki ya sokoni: ni uchafu au ni mali?

Ni mali, ikitunzwa. Mabanda ya kuku wa kisasa ya Bunju, Goba na Kigamboni yanazalisha samadi kila siku, na inatoka kwenye viroba kwenda kwenye matuta ya mchicha. Maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka sokoni yanakwenda kwa ng'ombe na nguruwe. Bila mashamba ya karibu, vyote hivyo vingepakiwa kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kwa gharama ya umma.

Samadi mbichi ya kuku isiwekwe moja kwa moja. Inaunguza mimea na ina vijidudu. Irundike, ifunike, igeuze, subiri mpaka ipoe na harufu ikate.

## Sheria

9. Kulima ndani ya jiji ni halali?

Kwa masharti, ndiyo. Kanuni za kilimo mijini za mwaka 1992 zilikitambua na kuweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu. Mifugo ilitakiwa kufungiwa, isizurure. Siku hizi cha kuangalia ni mchoro wa mipango miji wa eneo lako na sheria ndogo za halmashauri, maana zinatofautiana. Nenda ofisi ya mipango miji ya wilaya, sema namba ya kiwanja au eleza eneo, uliza matumizi yaliyopangwa ni yapi. Afisa kilimo wa kata anajua sheria ndogo za mifugo.

10. Kijiji chetu kimetangazwa kuwa eneo la mipango miji. Shamba langu limekwenda?

Tangazo peke yake halikunyang'anyi shamba. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinatambua haki ya aliyekuwepo, hata ya kimila isiyo na karatasi. Kinachobadilika ni matumizi: kuanzia hapo mchoro ndio unaoamua wapi barabara, wapi makazi, wapi kilimo.

Ndiyo maana mkutano wa kujadili mchoro ni muhimu kuliko watu wanavyoudhania. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wenye ardhi washirikishwe. Nenda. Omba kuoneshwa ramani, tafuta shamba lako, na kama eneo lina mkondo wa maji au kisima cha mtaa, simama useme libaki la kilimo au la wazi, na uhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari. Mikutano mingi huhudhuriwa na madalali kuliko wakulima.

Kigamboni ni somo. Mpango wa Mji Mpya uliotangazwa 2008 uliwaacha wenye mashamba na nyumba kwa miaka mingi bila kujua wajenge, wapande au wasubiri, na mwishowe mpango wenyewe ukaachwa. Aliyekuwa na nakala ya kila barua na kila muhtasari alikuwa na pa kushika.

11. Serikali ikichukua shamba, fidia inahesabu nini?

Sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Huhesabiwa thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo (nyumba, kisima, miti), posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi kwa aliyekuwa anaishi hapo, na upotevu wa faida kwa biashara inayothibitika.

Miti ya kudumu inahesabiwa mmoja mmoja kwa umri na hali yake. Mchicha na mahindi mara nyingi hupewa muda wa kuvunwa tu. Hapa ndipo utaelewa kwa nini mzee wa Kizaramo anayekula mboga kila siku anahangaika kupanda minazi na miembe mpakani: mti ni chakula, ni kivuli, na ni shahidi. Kwenye kesi ya mpaka, mwembe wa miaka 30 una uzito ambao karatasi ya daftari haina.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miti pamoja na mthamini, piga picha, na usisaini fomu yenye nafasi wazi. Wakati wa Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002 na kupima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, mashamba mengi yaligeuka makazi ndani ya miaka michache. Familia nyingi zilizosambaa kutoka huko zilikwenda kununua shamba jingine mbali zaidi, na jiji linazifuata.

12. Mimi ni mkodishwaji, sina ardhi. Nina haki gani?

Ardhi si yako, kwa hiyo thamani yake hailipwi kwako. Ulichopanda ni chako. Tatizo ni kuthibitisha, kwa sababu makubaliano mengi ya bondeni ni ya mdomo. Andikeni hata ukurasa mmoja: majina, ukubwa kwa hatua, kodi, mwisho wa muda, na sentensi moja inayosema mwenye shamba akiuza atakupa muda wa kuvuna. Shahidi mmoja wa kila upande, na mjumbe akiwepo ni vizuri zaidi. Mashauri ya ardhi huanza kwenye baraza la kijiji au la kata kwa usuluhishi.

13. Hii "mita 60" kutoka mtoni ni nini?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nyumba haina mjadala hapo. Kwa kilimo, matuta yanayogusa maji na kubomoa kingo yanakatazika. Matete, migomba na majani ya malisho yanayoshika udongo ndiyo matumizi ya busara. Ukiuziwa kiwanja ndani ya mita hizo, bei yake ndogo ina sababu.

## Kuuza, kununua, kubaki

14. Madalali wananisumbua. Niuze lote, nikate viwanja, au nibaki?

Anza na hesabu ambayo dalali hakupigii. Ekari moja ikigawanywa kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 inatoa kumi kwenye karatasi. Ukitoa barabara na kona zisizo sawa unabaki na saba au vinane. Anayekununulia kwa bei ya ekari na kuuza kwa kiwanja anakula tofauti hiyo yote, na kazi yake ilikuwa mpima na vigingi.

Lakini kuuza lote ndilo jambo tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Pesa ya shamba ina tabia ya kwisha. Bati, pikipiki, harusi, ada, mgonjwa, na baada ya miaka michache familia iliyokuwa na ekari nne inapanga chumba kwenye eneo lililokuwa lake. Kama lazima uuze, uza sehemu iliyo karibu na barabara, bakiza sehemu yenye maji, na pima uliyobakiza kabla hujauza nyingine. Ridhaa ya mwenzi wako wa ndoa ipatikane kwa maandishi. Bila hiyo mauzo yanaweza kupingwa.

15. Ekari moja inaweza kumtunza mtu?

Kwa mahindi, hapana. Kwa mboga zenye maji ya uhakika, kuku na miti michache, inaweza kubeba kaya pamoja na kibarua kingine. Maji ndiyo yanayoamua. Oktoba na Novemba 2022 kina cha mto Ruvu, unaolisha mabomba ya jiji, kilipopungua na maji ya bomba yakawa ya mgao, waliokuwa na kisima ndio pekee waliokuwa na mchicha wa kuuza.

16. Nimejenga katikati ya mashamba. Jirani anafuga nguruwe na harufu haivumiliki. Nifanyeje?

Kaongee naye kwanza, kwa heshima, na ukumbuke yeye alitangulia. Harufu nyingi inatoka kwenye kinyesi kibichi na maji yaliyosimama, na vyote vina dawa: sakafu yenye mteremko, shimo lililofunikwa, pumba za mbao chini (utunzaji wa samadi uko swali la 8). Akikataa, afisa mifugo na afisa afya wa kata wana mamlaka ya kukagua. Tunaomba tu usiwe wa kwanza kudai ufugaji wote upigwe marufuku mtaani. Mayai yako yanatoka hapo.

## Maswali magumu

17. Watu wanahitaji nyumba. Kutetea mchicha si kuwanyima makazi?

Hili tunaulizwa na vijana, na wana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba shamba haliliwi na wingi wa watu peke yake. Linaliwa na namna tunavyojenga. Nyumba moja ya chini kwenye mita za mraba 600, zikirudiwa maelfu kwa maelfu, ndiyo iliyolifikisha jiji Chanika na Mapinga. Wakati huohuo viwanja vingi vilivyopimwa na kuzungushiwa ukuta vimekaa miaka na miaka vikisubiri bei. Ghorofa za wastani karibu na barabara za mabasi, na kodi inayouma kwa kiwanja kilichotelekezwa, vingetoa makazi mengi kabla ya kugusa bonde hata moja.

Hatutetei kila shamba. Kipande kikavu kando ya barabara kuu, chenye bomba na umeme, kijengwe. Tunayotetea ni mabonde, miteremko ya juu ya mito, na ardhi yenye visima.

18. Majirani zetu wamefanyaje?

Kiambu ni onyo. Mashamba makubwa ya kahawa yaliyoizunguka Nairobi yamegeuka mitaa. Tatu City, karibu na Ruiru, imekaa juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Mashamba madogo yamekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Kenya inayo sheria inayotaka uuzaji wa ardhi ya kilimo uidhinishwe na bodi ya ardhi, lakini idhini imekuwa ikipatikana, na kibao cha "ploti zinauzwa" kimeshinda kahawa.

Kampala inafundisha kinyume chake, kwa sehemu. Mnamo 2005 na 2006 jiji lile lilitunga sheria ndogo za kuruhusu na kusimamia kilimo mjini badala ya kujifanya hakipo. Kinamasi cha Nakivubo, kinacholimwa magimbi, huchuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria ambako mtambo wa maji wa Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Kila kipande kinachofukiwa pale kinaongeza gharama ya kusafisha maji. Sisi tuna Msimbazi, na tunaweza kujifunza bila kungoja bili hiyo.

19. Shambani kuna makaburi ya wazee wetu. Mnunuzi anasema atayatunza. Tumwamini?

Msimwamini kwa mdomo. Makaburi yapimwe kama kipande chake, yatolewe kwenye eneo linalouzwa, na yabaki kwa jina la ukoo pamoja na njia ya miguu ya kufika hapo. Njia ndiyo watu husahau, na bila njia ukuta wa jirani unawafungia nje. Pale ambapo serikali inachukua eneo kwa mradi, iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969: ndugu wanapaswa kuarifiwa, na gharama za kuhamisha na kuzika upya pamoja na taratibu za dini au mila zinalipwa.

Fanyeni hivi kabla ya kusaini chochote: mwiteni mkubwa wa ukoo aonyeshe kila kaburi, hata lile lisilo na alama isipokuwa mnyaa, mpima aliweke kwenye ramani, na nakala moja ya ramani hiyo ikae ofisi ya mtaa.